WAPAGAZI WA TABORA NA SAFARI INAYOKUFUNDISHA JINA LA KWENU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wiki hii nimepokea jumbe mbili ambazo zimenikaa moyoni.

Ya kwanza ni ya kijana aliyeko Ghuba kikazi. Anasema: "Sheikh, nikikumbuka nyumbani naona vumbi tu na umeme kukatika. Nikija likizo nahesabu siku za kuondoka. Je, nina dhambi?"

Ya pili ni ya mama mmoja wa Tabora. Mwanawe yuko nje mwaka wa sita. Hela anatuma, hajamnyima kitu. Lakini mama anasema: "Akipiga simu anatuzungumza kama watu asiotujua. Kila kitu chetu ni cha kizamani." Hakuuliza swali. Aliishia hapo.

Sikutaka kuwajibu kwa haraka. Nimeona niwajibu wote wawili kwa historia ya mji wa huyo mama, kwa sababu ukitafuta mji katika Tanzania hii unaojua maana ya kuondoka na kurudi, huwezi kuipita Tabora. Somo ni refu kidogo. Chukua chai yako, tulia, tusome pamoja.

1. MJI ULIOJENGWA NA MIGUU YA WATU

Wengi mnaijua Tabora kwa asali yake, kwa maembe yake, na kwa reli inayogawanyika pale, moja ikienda Kigoma na nyingine Mwanza. Wenyeji husimulia kwamba jina la Tabora limetokana na matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikakauka. Ni chakula kisichoharibika upesi, chepesi kubeba, chakula cha mtu mwenye safari. Zamani eneo lile liliitwa Unyanyembe, na mahali wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walipojenga matembe yao paliitwa Kaze.

Njia kubwa ya misafara ilianzia Bagamoyo. Ikapanda milima ya Usagara, ikapita Mpwapwa, ikavuka nyika kavu ya Marenga Mkali, ikaingia Ugogo, ikapenya pori la Mgunda Mkali, ikatokea Tura, mpaka Unyanyembe. Hapo iligawanyika. Mmoja alishika magharibi kwenda Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika mpaka Manyema. Mwingine alishika kaskazini kwenda Karagwe na Buganda.

Kutoka Bagamoyo mpaka Tabora ni zaidi ya kilomita 800. Mpagazi aliitembea kwa miguu, begani ana mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32. Miezi miwili mpaka mitatu kwenda. Kisha kurudi.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hatukufundishwa vizuri. Tunadhani njia ile ilifunguliwa na watu wa pwani walioingia bara. Sivyo ilivyokuwa. Wanyamwezi walitangulia. Walikuwa wamezoea kutembea mbali ndani ya bara kwa biashara ya majembe ya chuma na chumvi ya Uvinza. Mwanzoni mwa karne ya 19 misafara yao ilikwishafika baharini na pembe za ndovu, kabla wafanyabiashara wa pwani hawajajenga makazi Unyanyembe. Wageni waliopita huko miaka ya 1850 waliandika kwamba kubeba mzigo mpaka pwani kulihesabiwa kuwa kipimo cha uanaume. Na hawakuwa wanaume peke yao: wako waliosafiri na wake zao na watoto wao.

Ndugu yangu uliyepanda ndege ukafika Doha kwa saa chache, usidhani wewe ndiye wa kwanza kwenu kuijua dunia. Babu wa babu yako aliijua kwa nyayo.

2. JINA WALILIPATA UGENINI

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu.

Mtu wa Unyanyembe alipokuwa kwao hakujiita Mnyamwezi. Alikuwa mtu wa Unyanyembe, mwenzake mtu wa Ulyankulu, mwingine mtu wa Usagozi. Kila himaya na mtemi wake. Wakitajana kwa pande, wa kaskazini waliitwa Wasukuma, kwa sababu sukuma ni kaskazini, na wa kusini Wadakama, kwa sababu dakama ni kusini. Hakuna aliyehitaji jina moja la wote.

Walipofika pwani, watu wa pwani wakawatazama. Hawakuona Unyanyembe wala Ulyankulu. Waliona watu wanaotoka magharibi, upande ule mwezi mchanga unakoandama. Wakawaita Wanyamwezi. Na wao, wakiwa mbali na kwao, wakigawana moto mmoja kambini na kuelewana lugha, wakagundua kwamba kweli wana jambo linalowaunganisha. Jina lile likarudi nao bara. Leo ni kabila kubwa, na mtu analitaja jina hilo kwa fahari.

Umeelewa? Jina la nyumbani walilipata ugenini.

Na wewe ni hivyo hivyo. Ulipokuwa mtaani kwenu ulikuwa mtoto wa fulani, wa mtaa fulani. Ulipofika nje ndipo ulipoulizwa kwa mara ya kwanza: "Wewe ni wa wapi?" Ukajikuta unajibu "Tanzania", na moyo ukashtuka, kwa sababu hukuwahi kulitamka neno hilo kama jibu. Ukasikia mtu anaongea Kiswahili ndani ya basi, ukageuka kama aliyeitwa. Nyumbani usingegeuka. Hiyo ni elimu ambayo mkaa nyumbani haipati kirahisi. Samaki hajui kama maji yana ladha.

Lakini tazama na upande wa pili. Misafara mingi ya Wanyamwezi iliondoka baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, na watu walijitahidi kurudi kabla ya mvua za Novemba ili wawahi kulima. Alikuwa ameiona bahari, majahazi, nyumba za mawe, watu wa Kihindi na wa Kiarabu. Amevaa merikani mpya. Na bado hesabu yake ilikuwa mvua na jembe la kwao. Msafara ulipokaribia nyumbani, watu walitoa nguo zao nzuri wakavaa, bunduki zikapigwa, wakaingia kwa shangwe. Hawakuingia ili kuwadharau waliobaki. Walivaa vizuri kwa sababu waliobaki walistahili kuonyeshwa uzuri.

3. MSAFIRI ANAJIFUNZA KUTAZAMA KWA JICHO LA MWENYEJI

Kuna neno tunalitumia vibaya leo: hongo. Siku hizi hongo ni rushwa. Lakini kwenye njia ya misafara hongo ilikuwa ushuru wa kupita. Watemi wa Ugogo walitoza nguo na shanga kwa kila msafara, ndipo watu waruhusiwe kupita na kuteka maji.

Wasafiri waliichukia. Maandishi yao yamejaa manung'uniko juu ya Wagogo. Lakini hebu kaa upande wa Mgogo. Nchi yake ni kavu. Kisima chake kinanywesha ng'ombe wake na watoto wake. Ghafla wanafika watu mia tano wenye kiu, wanakunywa, wananunua chakula cha akiba, wanaondoka. Kesho wanakuja wengine. Je, hana haki ya kuuliza, "Mnalipa nini?"

Anayesafiri na kurudi na manung'uniko tu hajafika popote. Anayesafiri akajifunza kuuliza, "Hawa wenyeji wananionaje mimi?", huyo akili yake imepanuka. Na wewe uliyeko nchi ya watu, kabla hujalalamika kwamba wanakubagua, na wakati mwingine ni kweli wanakubagua, jiulize pia: mimi nimekunywa kisima chao, je, nimelipa hongo yangu? Nimetii sheria zao, nimesema nao kwa adabu, nimewaachia jina zuri la Uislamu na la nchi yangu?

4. BARAZA LA KAZE NA WATU WALIOBADILISHA MAJINA

Novemba 1857 waliingia Kaze Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke. Walipokewa na wafanyabiashara wa Kiarabu, na mwenyeji wao mkubwa alikuwa Snay bin Amir. Burton alijua Kiarabu, wakazungumza kwa siku nyingi. Snay alikuwa mtu aliyetembea na kuwasikiliza waliotembea. Pale barazani walipata habari za ziwa la Ujiji, na habari za ziwa jingine kubwa la kaskazini, pamoja na safari ya kulifikia.

Mwaka uliofuata, Julai 1858, Speke alitoka Kaze akaelekea kaskazini kwa kufuata habari zile. Mwanzoni mwa Agosti alikuwa ukingoni mwa ziwa, upande wa Mwanza. Akalipa jina la malkia wa kwao, Victoria. Watu walioishi kando yake walikuwa na jina lao, Nyanza. Ramani iliyochorwa Ulaya ikaandika kwamba ziwa limegunduliwa. Kwa hakika sehemu kubwa ya "ugunduzi" ule ilianzia barazani Tabora.

Nataka uone aina mbili za wasafiri. Yuko anayekwenda kwa watu akajifunza majina ya vitu vyao. Na yuko anayekwenda kwa watu akabandika majina ya kwao juu ya vitu vya wengine. Wote wawili wanapenda kwao. Lakini mapenzi ya wa pili hayana adabu. Kupenda kwenu si kufuta kwa wenzako.

5. WALE AMBAO HAWAKUCHAGUA SAFARI

Hapa lazima tuseme ukweli, hata kama unatuchoma. Mhubiri anayepamba historia ya watu wake kwa kuficha madhambi yao hawasaidii.

Njia ile ile iliyopitisha mpagazi aliyekwenda kwa hiari, ilipitisha pia watu waliofungwa. Watu kutoka Manyema na sehemu nyingine za bara waliletwa pwani kama watumwa. Na wengi wa waliofanya biashara ile walikuwa Waislamu, watu wa kusali. Hatuwezi kusema ni Wazungu peke yao. Uislamu uliufanya uachaji huru wa mtumwa kuwa ibada na kafara, na bado watu waliojiita Waislamu walichoma vijiji ili wapate mateka. Hiyo ni dhulma, na dhulma haigeuki kuwa halali kwa sababu aliyeifanya alivaa kanzu.

Sasa fikiri: mtu asiyechagua safari, aliyeng'olewa kwao akiwa mtoto, anaweza kupata nini katika safari ile? Nitakutajia wawili.

Wa kwanza ni Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, akatekwa akiwa mdogo, akauzwa, akapelekwa India. Bwana wake alipofariki akapata uhuru, akarudi Afrika Mashariki. Lugha ya Kihindi aliyojifunza utumwani ndiyo lugha aliyozungumza na Speke, maana Speke alikuwa askari wa India. Bombay alipita Tabora zaidi ya mara moja: na Burton na Speke, kisha na Speke na Grant, kisha na Stanley mwaka 1871, kisha na Cameron aliyevuka bara zima mpaka bahari ya magharibi. Alifariki 1885. Wazungu wale wanajulikana dunia nzima. Aliyewaongoza wengi wetu hatumjui.

Wa pili ni Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya. Asili yake ni Manyema, mashariki ya Kongo. Aliletwa Bagamoyo akiwa mtumwa katika nyumba ya Amir bin Sulaiman al-Lamki. Akasoma. Akawa mwanachuoni, akafungua madrasa, akawa khalifa mkubwa wa tariqa ya Qadiriyya, na watu wa bara na wa pwani wakamfuata. Alifariki 1931, na mwanawe Sheikh Muhammad Ramiya akaendeleza kazi yake.

Tafakari, ndugu yangu. Mji ulioupokea mwili wake kama bidhaa, ukaja kuyapokea maneno yake kama elimu. Hakurudishwa kwao. Basi akapafanya pale alipofikishwa kuwa nyumbani, akapajenga.

Wahenga wetu wana methali: mkataa kwao ni mtumwa. Ukiisikia huku ukiikumbuka njia ya Tabora, methali hii inauma. Mtumwa alinyang'anywa kwao kwa nguvu, kwa mnyororo. Wewe unayekukataa kwenu kwa hiari, ukaona haya kutamka jina la kijiji chenu, unajifanyia mwenyewe kile ambacho mwenzako alifanyiwa na adui.

6. ALIYEFIKA BANDARINI AKAZUIWA

Kuna mtu mwingine wa njia hii, wa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903, yeye akiwa huko, kilichapishwa kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, na sehemu kubwa ni maandishi yake. Kinaeleza jinsi watu wa pwani wanavyozaliwa, wanavyoolewa, wanavyozikana, wanavyosafiri kwenda bara. Mpaka leo anayetaka kujua maisha ya Waswahili wa zama zile anakirudia.

Alioa mke wa Kijerumani. Akataka kurudi naye kwao. Serikali ya kikoloni ya Wajerumani haikukubali Mwafrika aingie koloni lake akiwa na mke mzungu. Wakafika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1905, wakazuiwa, wakalazimika kurudi Ujerumani. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Ninapokisikia kijana anasema "nyumbani hakuna kitu", humkumbuka Mtoro. Mwenye pasipoti mkononi anapata tikiti ya kurudi na haitaki. Yule alifika mpaka akaiona pwani ya kwao, akarudishwa.

7. KUTOKA JINA KUWA NAMBA

Reli iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kazi ya mpagazi ikaisha. Lakini watu wa magharibi hawakuacha kusafiri. Katika zama za Waingereza maelfu waliandikishwa kwa mikataba kwenda kukata mkonge Tanga na kwingineko. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba.

Linganisha. Mpagazi alikwenda pwani kwa miguu yake, katika msafara ambao mara nyingi ulikuwa wa watu wa kwao, akarudi na jina. Manamba alipelekwa, akapewa namba.

Ndugu zangu mlioko nje, nisemeni ukweli: mingapi kati ya safari za leo ni ya jina, na mingapi ni ya namba? Dada anayefungiwa ndani ya nyumba ya mwajiri, pasipoti imefichwa, miaka miwili hajui mji anaoishi unafananaje, huyo hatujaweza kumwambia kuwa safari imempanua akili. Tusimlaumu kwa kuchoka. Tumsaidie. Na wewe unayetaka kuondoka, usiende kwa maneno ya dalali tu. Soma mkataba, ujue nani anakupokea, mwachie mtu wa kwenu nakala ya karatasi zako. Hiyo ni sehemu ya kutawakali, si kinyume chake.

8. MTUME WETU (S.A.W.) NA BILAL

Kuna misemo miwili mashuhuri inayosambazwa kama hadithi: ule wa kuwa kupenda nchi ni sehemu ya imani, na ule wa kutafuta elimu hata China. Wanachuoni wa hadithi wamesema ya kwanza haina asili kwa Mtume (s.a.w.), na ya pili wameikosoa vikali. Tusimzushie Mtume wetu. Hatuhitaji, maana yaliyothibiti yanatosha.

Qur'ani imetuhimiza mahali pengi tutembee katika ardhi na kutazama mwisho wa waliotutangulia. Safari yenye kutazama ni amri ya Mola wetu, haikuwa anasa.

Na kuhusu nyumbani, Imam Tirmidhi amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliyatamkia mapenzi yake kwa Makka, na kwamba asingeliihama lau watu wake wasingelimtoa. Katika Sahih Bukhari, Anas bin Malik anasimulia kwamba akirudi safarini na kuziona kuta za Madina, alikuwa akimharakisha mnyama wake kwa kuipenda. Angalia: Madina ni mji aliohamia. Aliipenda Makka aliyozaliwa, akaipenda na Madina iliyompokea, na moyo haukugawanyika.

Na katika Sahih Bukhari pia, bibi Aisha (r.a.) anasimulia Muhajirina walipougua homa Madina. Bilal (r.a.), homa ilipomwacha kidogo, alikuwa akipaza sauti kwa kuyatamani mabonde ya Makka na majani yanayoota kule. Bilal yupi? Bilal Mhabeshi, aliyeteswa juu ya mchanga wa Makka hiyo hiyo kwa sababu ya imani yake. Mtu anaweza kuumizwa mahali na bado akapakumbuka kwa mapenzi, kwa sababu aliyemuumiza alikuwa dhalimu, haikuwa ardhi.

Kijana wangu wa Ghuba, kama nyumbani kulikuumiza kwa umasikini, kwa kukosa kazi, kwa jamaa waliokudhulumu, basi wakasirikie waliokudhulumu. Usiichukie ardhi.

9. PANDA MWEMBE

Ukifika Tabora utaona miembe mikubwa, mizee, kivuli chake kinafunika barabara. Mwembe si mti wa asili wa pale. Asili yake ni Bara Hindi, ukaja pwani kwa majahazi, kisha ukapanda bara kwa njia ya misafara. Mingine ilipandwa na wafanyabiashara kwenye makazi yao, mingine inasimuliwa kuwa iliota kwenye kokwa zilizotupwa kambini na watu wenye njaa waliokuwa wakipita. Leo hakuna anayeuita mti wa kigeni. Mtoto wa Tabora anakua chini yake.

Huko ndiko kurudi kwa msafiri mwema. Halazimiki kurudi na gari. Arudi na kokwa.

Basi majibu yangu ni haya.

Kwako kijana: kuchoka si dhambi. Kuzoea ugenini si dhambi. Dhambi iko kwenye dharau, maana kuwadharau watu ni katika kibri. Umeona usafi huko? Rudi nao, anza na uwanja wa mama yako. Umeona watu wanafika kazini kwa wakati? Rudi na hilo. Umejifunza fundi anavyofunga umeme vizuri? Mfundishe kijana mmoja wa mtaani kwenu ukija likizo. Na ukifika, fuata sunna: wajulishe kabla, usiwashtukize usiku, anza na msikiti uswali rakaa mbili, kisha kaa. Siku tatu za kwanza usilinganishe chochote. Sikiliza tu.

Kwako mama: mwanao hajapotea. Yuko njiani. Msafara mwingine huchelewa Ugogo. Lakini na sisi tuliobaki tuna wajibu. Msafiri akirudi na jambo jipya, tusimwambie "unajifanya Mzungu". Watu wa Tabora waliupokea mwembe. Wangeung'oa kwa kuwa umetoka mbali, leo wangekosa kivuli. Ukipigiwa simu, usimuulize hela kwanza. Muulize: "Mwanangu, umeona nini huko?" Halafu mwambie mvua imenyesha lini, nani kazaa, shamba liko vipi. Mkumbushe jina la kwao. Huenda ni miaka hajasikia mtu akilitaja kwa upendo.

Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu au ndege au mnyama, inakuwa sadaka kwake. Hatuyajui majina ya waliopanda miembe ile. Allah anawajua.

Ewe Mola, wahifadhi wasafiri wetu barini na baharini na angani. Uwarudishe salama kwa watu wao, na uwarudishie na nyoyo zao. Warehemu wale waliokufa njiani na mizigo mabegani, na wale walioswagwa kwa minyororo. Utusamehe dhulma za waliotutangulia na utuepushe nazo. Utujaalie kuipenda nchi yetu bila kuwaonea wengine. Amin.

Kama una ndugu yako nje, mtumie somo hili leo. Na wewe uliye nje, andika hapo chini jina la kijiji chenu au mtaa wenu. Usione haya. Nataka nilisome.

Wallahu a'alam.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.